Picha Mbili za Daktari Kigen

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Leo ulikuwa mkutano wa kwanza kati ya ile ambayo mwalimu Hillary ameipanga, wasanii na wanasayansi wakae meza moja wazungumze. Ukumbi wa maktaba, Kitale. Mlangoni walikuwa wamebandika swali: "Ubunifu unakaa wapi kwenye ubongo?" Kama vile ubunifu ni mpangaji na sisi tumekuja kuulizia namba ya chumba.

Tulikaa wanne mbele. Hillary katikati kama refa. Daktari Kigen, daktari wa ubongo. Mimi, mchoraji. Na Nasambu, mtunzi wa nyimbo kutoka Bumula, mama wa miaka arobaini na kitu anayeimba harusini, matangani na kwenye mikutano ya wanasiasa wa kila rangi. Sikumpenda. Anacheka kabla hujamaliza sentensi. Hillary alipomuuliza wimbo humjia kutoka wapi, alisema humpata akiosha vyombo, "sasa daktali atuambie, hapo ni ubongo wa kichwa ama wa sufulia?" Ukumbi ukaangua kicheko, na jibu nililokuwa nimelifikiria wiki nzima likafia humo.

Daktari Kigen alizungumza vizuri. Alisema hakuna chumba kimoja. Mtu akitunga kitu, sehemu nyingi za ubongo huitana, na ile sehemu inayokosoa hunyamaza kidogo halafu hurudi. Mara tatu alisema "hapo hatujui." Wasomi wetu wengi afadhali wafe kuliko kusema hivyo.

Niandike na lile ambalo ukumbi haulijui. Mimi ni mgonjwa wake. Nina kifafa. Nilianza kuanguka nikiwa chuo kikuu, nikaacha masomo mwaka mzima, na ni yeye aliyebadilisha dawa na kuzibadilisha tena mpaka akapata zinazonifaa. Nilirudi, nikamaliza. Wanaojua ni watu wa nyumbani kwetu, yeye, na yule anayenipa dawa dirishani. Kabla hatujaingia aliniambia kwa sauti ya chini, "Humu ndani wewe ni msanii. Hayo mengine yanabaki kliniki."

Nilimshukuru sana.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua. Mahindi yamekauka kwenye mabua na bado inanyesha, kama mgeni aliyeagwa na kukaa tena.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jana Daktari Kigen alipita hapa Kiminini nikiwa mjini kununua rangi. Mama anasema alikunywa chai na baba, wakakaa hata chai ya pili. Nilimuuliza baba walizungumza nini. "Ya zamani tu, Maitu," akasema.

Baba huniita Maitu, yaani mama yangu. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo mimi ni Wamboi, na mzee wa miaka zaidi ya sitini huniita mama mbele ya wageni, tena bila mzaha. Nikiwa mdogo nilikuwa nikimtuma maji, naye anaenda kuyaleta kweli.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili na si ugonjwa. Ni hasira. Naiandika kwa jina lake ili mtu asije baadaye akaiita kitu kingine.

Mkutano wa pili ulikuwa Bungoma, katika ukumbi wa kanisa. Watu walijaa. Mwandishi wa redio ya huko alikuwa mstari wa mbele na kinasa sauti chake. Daktari Kigen aliomba aanze yeye. Akawasha projekta, na kwenye kitambaa cheupe zikatokea picha mbili. Kushoto, mawimbi ya ubongo, mistari iliyopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Kulia, mchoro wangu. "Ua Wetu Baada ya Mvua," niliouchora juu ya ubao wa plaiwudi: nyumba, ghala, ua, vyote vikitazamwa kutoka juu, na buluu kubwa katikati.

Akasema mawimbi hayo ni ya mgonjwa wake, mchoraji kijana wa sehemu hizi, na mchoro pia ni wa huyo huyo. Akasema kabla mgonjwa huyo hajaanguka, huona buluu. Akaenda mpaka kwenye kitambaa akaigusa buluu yangu kwa kidole. "Hii hapa," akasema. "Ugonjwa umemfungulia mlango ambao kwetu sisi wengine umefungwa."

Kuhusu buluu nilimwambia mimi. Nilimwambia katika chumba chake, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu aliniuliza na kwa sababu anapaswa kujua ili anitibu.

Hakuishia hapo. Akaonyesha picha ya kiondo cha zamani, kile kikapu ambacho mama huweka juu ya kabati na haturuhusiwi kukigusa. Akasema bibi ya mgonjwa huyo naye alikuwa akianguka, naye alikuwa msanii, alisuka hiki, na jina lake lilikuwa Wamboi. Alilitaja polepole, kwa heshima.

Kwenye bango la mlangoni imeandikwa "Wamboi Hiram, mchoraji." Vichwa vyote viligeuka. Mwanamke mmoja mstari wa mbele alivuta mguu wake ndani.

Na katika ule ukimya, Nasambu, aliyekuwa ameketi bega kwa bega nami, akasema kwa sauti ya sokoni, "Rakini hiyo buluu si ni tulubai?"

Turubai. Watu wakacheka, wakafurahi kupata cha kucheka. Nilitaka kumpiga kofi. Hata siku ya kuvuliwa nguo hadharani hakosekani wa kutania. Niliinuka nikatoka. Sikungoja mtu na hakuna aliyenifuata isipokuwa Hillary, ambaye alisimama mlangoni akisema jina langu mara mbili, tatu, halafu akarudi ndani kwa sababu mkutano ulikuwa unaendelea.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani. Baada ya ibada, chai. Wengine walipewa vikombe vya kanisa. Mimi nililetewa kikombe cha plastiki, kile cha kutupwa, pamoja na tabasamu. Bado wako wanaoamini kwamba ugonjwa huu unaambukiza kwa mate.

Mama aliona. Mama yangu Bilha, ambaye hajawahi kubishana na mtu kanisani. Alinipokonya kile kikombe, akanywa nusu, akanirudishia, akaendelea kuzungumza na mke wa mchungaji kuhusu bei ya mbolea.

Jumatatu, 14 Oktoba

Redio wameyacheza tena yale ya Bungoma. "Dawa huyafunika mawimbi," sauti ya Kigen ikasema jikoni kwetu, "na pengine hufunika na kitu kingine." Hilo alilisema baada ya mimi kutoka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilienda kliniki nikapanga foleni kama mgonjwa mwingine yeyote. Nilipoingia sikuketi.

Nilimwambia kwamba aliniahidi. Akasema aliomba ruhusa, asingeonyesha kitu bila ruhusa.

"Uliomba kwa nani?"

"Kwa mzee. Nilikuja nyumbani, tukakaa, nikamweleza kila kitu. Akakubali, hata kiondo alinipa yeye mwenyewe nikipige picha."

Nina miaka ishirini na saba. Nina shahada. Napiga kura. Nilimuuliza kama angetaka kuonyesha ubongo wa Hillary angeenda kwanza kumtafuta baba yake Hillary. Akasema, "Wamboi, unajua vile mambo iko huku. Siwezi kumpita mzee nije kwa mtoto." Na kilichonichoma zaidi ni kwamba aliamini. Machoni pake hiyo ilikuwa heshima. Alivaa suruali nzuri siku hiyo, mama alisema. Alivua viatu mlangoni.

Halafu, kana kwamba tumemaliza hayo, akafungua mengine. Mkutano wa mwisho, tarehe saba Desemba, Bungoma, watakuja watu kutoka Nairobi, mmoja wao ana jumba la maonyesho. Angependa nichore jukwaani nikiwa nimevaa ile kofia ya nyaya ya kupimia ubongo, watu waone mawimbi yangu papo hapo ninapochora. Na majuma machache kabla ya hapo tupunguze dawa kidogo, yeye akiwa ananiangalia, ili mawimbi yaonekane wazi. Yule wa Nairobi ameshasikia habari zangu. Kuna ukuta mzima kwenye jumba lake unaningoja.

"Na nikianguka?"

"Nitakuwa hapo."

"Mbele ya watu."

Akafunga faili yangu. Alikuwa ameshaliwaza hilo, niliona. Aliliwaza na hakuliona kuwa baya.

Nilichukua dawa zangu dirishani nikaenda. Ukuta mzima. Nimekuwa nikiuomba ukuta huo tangu nimalize chuo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Baba alikuwa ghalani akigeuza mahindi ya mwanzo ili yasishike ukungu. Nilisimama mlangoni nikamuuliza kama ni kweli. Hakuacha kugeuza.

"Nilimwambia ndiyo," akasema.

Akanieleza kipande kipande, huku akigeuza. Mama yake alianguka motoni, jikoni, yeye akiwa mtoto wa shule ya msingi. Hilo nililijua. Nisilolijua ni mazishi. Alizikwa siku iyo hiyo, na watu wachache, bila hotuba. Wajomba walikataza jina lisitajwe, watu wasije wakaogopa kuoa katika ukoo. Hata walipohama kutoka Murang'a kuja huku walihama bila hilo jina, mpaka nilipozaliwa mimi.

"Tangu siku hiyo sijasikia mtu akimtaja mama yangu mbele ya watu. Daktari akasema yeye atamtaja, mbele ya ukumbi mzima, kama mtu wa maana. Ningekataaje?"

"Na mimi, Baba?"

Aliacha kugeuza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Wewe si ndiye yeye?"

Nilitoka nikazunguka shamba lote na mvua. Nimezoea kuamini kwamba hasira ikitafuta vizuri itampata mtu mbaya mahali fulani. Nimetafuta leo. Daktari alivua viatu na baba alitaka kumzika mama yake kwa heshima. Na mimi ndiye ninayekunywa chai kwenye plastiki.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Mahindi yameanza kuota yakiwa bado kwenye bua, majani mabichi yakichungulia kwenye ganda. Mama anayavunja na kuwapa kuku.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mkutano wa tatu, Kitale. Sikwenda.

Jumapili, 27 Oktoba

Nasambu alikuja. Aliulizia kwetu pale madukani mpaka akaonyeshwa, akafika na matope magotini na ndizi mkungu mzima kichwani. Kabla sijatoka chumbani alikuwa ameshakaa jikoni na mama, viatu amevianika kando ya moto, wanazungumza kuhusu miguu inayouma kama watu waliosoma pamoja.

Alisema daktari aliuliza niko wapi. "Nikamwambia uko shamba, huko tulubai ziko."

Nilimwambia utani huo sikuupenda mara ya kwanza na siupendi sasa.

Aliacha kucheka. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa umetulia. Ni uso mwingine kabisa.

"Wewe msichana, ulidhani natania? Mimi niliangalia picha yako. Kuna tulubai tatu, moja imekunjwa pembe juu ya upepo, na kuku amepita juu ya mahindi, ameacha njia. Nikajiuliza, hawa watu wote wa Bungoma hawajawahi kuanika mahindi? Kigen mwenyewe, si amezaliwa hapa Kitale? Rakini walikuwa wanaangalia kidole cha daktali."

Nilivuta kigoda nikaketi. Njia ya kuku niliichora siku mbili. Katika watu wote waliouona mchoro huo, hakuna aliyewahi kuitaja.

Akaniambia kuhusu mumewe. Alipokufa, Nasambu aliimba wimbo kaburini, na mpaka leo watu wa Bumula humwambia kwamba huzuni ndiyo iliyomtungia. Alilisema hili akitazama moto. "Huzuni? Huzuni haikunisaidia hata na mstari mmoja. Ilinilaza kitandani nikawa siwezi kujua kama nimekula. Huo wimbo nilitunga siku niliamka, nikaoga, nikakunywa uji. Nilitoa maneno, nikarudisha, nikatoa tena. Hiyo ilikuwa kazi. Na kila mtu akaipatia huzuni."

Mama akamwongezea chai, kwenye kikombe cha wageni.

Jumanne, 5 Novemba

Mtu amenipigia simu kutoka Eldoret. Anataka kununua michoro, lakini ile "ulichora wakati wa kuanguka." Nikamwambia hakuna. Akasema basi hata ule uliokaribiana na siku hizo, ataongeza bei. Nilikata simu nikaitupa kitandani. Ningeitupa ukutani lakini ni yangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Mbao tatu nimeziharibu wiki hii. Niseme ukweli kwa nini.

Kila nikichovya brashi najitazama. Naweka rangi, halafu nauliza ni nani aliyeiweka. Nikipata mstari mzuri naushuku, nikipata mbaya nasema ndio hizo dawa. Kigen ameniachia swali lake kichwani kama fundi aliyesahau nyundo ndani ya dari, na kila nikigeuka inabiringika.

Na kuna lingine. Jana jioni nilikaa na vidonge kiganjani na nikawaza kwamba hakuna anayeweza kulijibu hilo swali ila mimi. Nisimeze. Nione kinachokuja. Nilikaa hivyo mpaka vikaanza kulowa jasho na kutoa rangi. Halafu nikamwita mama, nikavimeza mbele yake, nikafungua kinywa aone, kama mtoto. Hakuuliza. Nilimchukia Kigen wakati huo kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa amenifikisha hapo bila hata kunigusa.

Alhamisi, 14 Novemba

Jua. Siku mbili sasa. Kila mtu anaangalia juu na hakuna anayethubutu kulisifia.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumevuna. Mashine ya kupukuchua ilifika asubuhi, ikanguruma mpaka jioni, makapi yakaingia mpaka ndani ya masikio. Ua wote ni turubai. Nilikuwa natandaza mahindi kwa reki, miguu peku, wakati Hillary alipoingia na kabrasha lake la programu.

Alimwendea baba kwanza. Amevua kofia, anazungumza polepole: mkutano wa mwisho, wageni, Daktari Kigen bado ana matumaini, je mzee anaonaje kuhusu Wamboi kushiriki. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua reki yake akanielekezea mimi.

"Mwenyewe yule," akasema. "Muulize."

Akaendelea kutandaza. Hakunitazama na mimi sikumtazama. Makapi yalikuwa yananiwasha macho, na ya baba pia.

Nilimwambia Hillary nitakuja. Dawa nitameza zote. Kofia sivai. Na nitauliza swali moja, bila kumwambia ni lipi. Alisema hilo la ukuta wa Nairobi huenda likaathirika. Nikamwambia naelewa. Naelewa vizuri, na naumia, na sitabadilisha.

Jumatatu, 2 Desemba

Baba amekiweka kile kiondo sebuleni, juu ya meza, ambapo kila mgeni anakiona.

Jumamosi, 7 Desemba

Bungoma, ukumbi ule ule. Mchoro wangu ulikuwa ukutani, na jukwaani kiti kitupu, na kofia ya nyaya imewekwa juu yake. Daktari Kigen alinisalimia kwa upole. Nadhani alikuwa na matumaini mpaka dakika ile kwamba nikiiona nitabadilika. Mwanamke wa jumba la maonyesho alikuwa mstari wa pili, amevaa vizuri, anatazama kile kiti. Mchoro alikuwa ameupa mgongo.

Kigen alieleza kwamba leo kwa bahati mbaya hatutaona kile tulichotarajia. Nasambu akainuka. "Kiti kisikae bure," akasema, akaketi, akavalishwa. Ilichukua muda, kwa sababu ya nywele zake, na alikuwa na neno kwa kila waya. Kwenye kitambaa cheupe mawimbi yake yakaanza kutembea, madogo, yametulia. Akaombwa atunge kitu kimya kimya, kichwani. Akafumba macho. Na ghafla mistari yote ikaruka, mikubwa, minene, ikajaza kitambaa. Ukumbi ukavuta pumzi. Mtu nyuma yangu akasema, "Ndio hiyo sasa. Wimbo unakuja." Wakaanza kupiga makofi.

Kigen hakupiga. Alikuwa akitazama mistari, kisha akamtazama Nasambu, na akaanza kucheka mwenyewe. "Huo si wimbo," akasema. "Ameuma meno. Ni misuli ya taya."

Nasambu akafumbua macho. "Nimeuma kweri. Nataka kuona kama mtapiga makofi."

Nilimwangalia Kigen akicheka hapo, na nikaona jambo ambalo hasira ilikuwa imenificha. Akiitazama mashine, huyu mtu hadanganyi. Angeweza kuwaachia makofi yao na hakuwaachia. Ni akigeuka kuwatazama watu ndipo anapoharibika.

Basi nikamgeuza. Nilisimama nikamuuliza kuhusu yale mawimbi aliyoonyesha Oktoba, yangu, yalichukuliwa lini.

Alifikiri. "Elfu mbili ishirini na moja. Katikati ya mwaka."

"Na mchoro?"

Aliutazama ukutani. "Sijui."

Nikamwambia imeandikwa pale chini kwenye pembe, elfu mbili ishirini na tatu. Halafu nikauambia ukumbi kilichotokea mwaka ule wa mawimbi. Nilisema wazi, kwa kuwa walishajua lililo baya na bado hawakujua lililo la kweli. Mwaka ule nilikuwa nikisahau jina la ndugu yangu. Mama alinilisha. Nilishika brashi mara moja na sikukumbuka ni ya nini. Sikuchora hata mstari. Kisha zikaja dawa, zikaja polepole, nikarudi chuoni, nikajifunza tena kutengeneza rangi ya kivuli, na baada ya hapo, na njaa na vumbi na kuharibu mbao zisizo na hesabu, ndipo ikaja hiyo picha.

"Kama ni ugonjwa uliochora," nikamuuliza, "mbona haukuchora mwaka ule, ulipokuwa na nafasi yote?"

Hakuna aliyecheka. Kigen aliiweka rimoti mezani.

"Niliziweka pamoja," akasema, "kwa sababu zilipendeza pamoja."

Hiyo ni sababu ya mchoraji. Mimi nikiweka rangi mbili pamoja kwa sababu hiyo, hakuna anayeacha dawa. Nilimwambia hivyo. Akasema amekosea, lakini alilisema akiniangalia mimi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu mmoja. Nikamwambia ashike maiki. Akaishika. Akalisema tena, na la ruhusa pia, kwamba alipaswa kuniuliza mimi. Mwandishi wa redio alikuwepo. Nilihakikisha taa nyekundu ya kinasa sauti inawaka.

Mwanamke wa jumba la maonyesho aliondoka kabla ya soda. Sikushangaa. Nina uchungu, lakini sikushangaa.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mama mmoja alinijia, leso begani, amesafiri kutoka Lwakhakha. Alisema binti yake anaanguka. Ana miaka kumi na tisa, huongoza kwaya. Tangu redio iseme dawa zinafunika, amekataa kumeza. Anasema nyimbo zitaisha. Wamemwombea, wamemgombeza, kaka yake alijaribu kumshika kwa nguvu. Nilihisi ile hasira ya Oktoba ikipanda upya, yote, na safari hii haikuwa kwa ajili yangu.

"Sasa wewe ukimeza," akaniuliza, "bado unachora?"

Nilimwomba ampigie binti yake simu. Alipopokea nilimwambia mimi ni nani.

"Ule wa redio?"

"Huyo huyo."

Nilimuuliza kama ameanguka tangu aache dawa. Nikasikia redio ya jirani, na mbuzi.

"Nimeanguka," akasema.

"Na umeimba?"

Mbuzi akalia tena. Mama yake alikuwa amenishika mkono wa koti na hajui.

"Sijaimba," akasema yule msichana.

Nilimwita Daktari Kigen kwa kidole, kama mtu anavyomwita mhudumu, naye akaja. Nikampa simu. Alimuuliza jina la dawa na ameziacha tangu lini, akasikiliza, hakumkatiza. Akamwambia kwa utaratibu aanze tena na ngapi leo, na ngapi kesho, na Alhamisi aje kliniki na mtu. Kisha akanirudishia simu.

"Ziko wapi?" nikamuuliza msichana.

"Juu ya kabati. Mama alificha huko nisizitupe, anadhani sijui."

"Kalete. Nangoja kwa simu."

Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Nasambu alikuwa jukwaani bado, anatolewa nyaya kichwani moja moja, analalamika. Niliibana simu sikioni. Nilisikia kiti kikikokotwa sakafuni. Nilisikia kifuniko cha chupa, kisha maji yakimiminwa.